Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ratiba mnaijua: darasa la kudarizi Jumapili, ziara ya Jumba la Makumbusho la Alsace mjini Strasbourg, chai ya Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi. Yote yalifanyika. Mappa 6, yaani mishipi ya kufungia gombo la Torati inayotokana na kitambaa cha tohara ya mtoto, zimekamilika. Wanachama 38, waliolipa ada 17, waliofika leo 11, tukimhesabu mume wangu ambaye si mwanachama. Salio yuro 412, deni la kitani yuro 190.

Sasa hili la rangi. Nasikia inasemwa nimeiua sindano. Ndiyo, niliruhusu mappa zipakwe rangi badala ya kudariziwa, na niliamua peke yangu kwa kuwa kikao cha Machi hakikutimiza akidi. Kitambaa alicholaziwa mtoto siku ya nane, siku ya tohara, kikikatwa vipande vinne na kuungwa, hupita mita tatu. Jina la mtoto, la baba, tarehe, nyota na dua, yote kwa uzi, ni kazi ya miezi. Na mtoto hangoji: akitimiza miaka mitatu aipeleke mappa yake sinagogi ikafunge gombo la Torati. Tena wazee wetu wa Alsace karne ya 19 walipaka rangi, wala hawakuitwa wavivu. Hata rabi Maharil wa Mainz, aliyefariki 1427, husimuliwa kwamba siku moja ya Sabato kitambaa cha kumfunga mtoto aliyetahiriwa kilikosekana, akaruhusu mshipi wa Torati wenyewe utumike, kisha uoshwe na kurudishwa. Yeye hakuitishiwa kikao cha dharura.

Na wanaosifu sindano waikumbuke mappa ya Mei. Samaki wawili, nyota ya mwezi wa Kiyahudi wa Adari, walikaa vizuri, shingo ya herufi ya Kiebrania lamedi imepanda kama ya bata bukini, lakini kipande cha mwisho kiliungwa kabla ya cha tatu: dua ikavurugika, mtoto akaombewa kuoa kwanza, Torati baadaye. Niliufumua mshono mwenyewe, usiku, kwa miwani ya mume wangu. Nauli sikudai.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, huenda tukapata chumba kikubwa zaidi, labda na maonyesho. Ada ni ileile, yuro 20. Mweka hazina atakaa mlangoni na bahasha hadi mtu wa mwisho atoke.

Mwenyekiti