Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Simu ya mama yangu si sanduku la sadaka

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

YAH: MESEJI ZA KUOMBA MICHANGO ZISIZOKOMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nimevumilia muda mrefu. Jumamosi iliyopita uvumilivu uliniishia. Mama yangu, ambaye ni mstaafu, alichukua hela ya dawa zake za presha akawatumia watu asiowajua, kwa sababu meseji ilimwambia uhai wa mtoto fulani "uko mikononi mwako". Hakuna aliyemshukuru. Kesho yake wakampigia: "Mama, haijatosha, ongeza kidogo, Mungu atakulipa." Mama hawezi kumkatalia mtu anayetaja Mungu, na wao wanalijua hilo.

Chanzo nadhani ni daftari. Pale stendi ya Mbagala Rangi Tatu alimchangia elfu mbili binti mmoja mwenye fulana ya picha ya mtoto, akaambiwa aandike jina na namba ya simu. Tangu hapo ni yatima, visima, madawati, upasuaji, kila kundi na jina lake. Daftari lile liliuzwa au liliazimwa. Sina ushahidi, ila namba haitembei yenyewe.

Sipingi kutoa, Mheshimiwa. Tumekulia kwenye michango ya misiba, ada na harusi. Lakini msibani anayekuomba unamjua, na mwisho kamati inasoma mapato na matumizi mbele ya watu. Hawa wanamsomea nani?

Kuwazuia nimeshindwa. Meseji inaingia kwa jina, haina namba, hivyo ukijibu haiendi. Ile 15040 tuliyopewa turipoti matapeli inataka namba ya tapeli; ya anayetuma meseji sina. Ukilifungia jina hili, linakuja lingine. Nilipompigia yule aliyempigia mama, akanijibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inahusu matangazo ya biashara, wao hawafanyi biashara.

Sheria hiyo tuliipokea kwa furaha. Ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Aprili 2024 Rais Samia akaizindua Tume yake. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda mawasiliano yetu binafsi. Tulipoweka alama za vidole kusajili laini tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Usalama huo mama yangu bado hajauona. Kama naweza kukataa tangazo la sabuni, kwa nini nisiweze kumkataa anayemtisha mama yangu kwa kifo cha mtoto wa mwenzake?

Ninachoomba ni hiki: kila meseji ya kuomba mchango iwe na njia ya kujitoa, bila malipo, na aliyejitoa asitafutwe tena kwa jina lolote. Ingefaa pia kampuni zinazotuma meseji hizi kwa wingi zidai kwanza cheti cha usajili cha taasisi. Na daftari za stendi nazo ziangaliwe. Lakini hata hayo yakishindikana, hiyo njia ya kujitoa, Mheshimiwa. Hiyo tu. Na iwepo kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana pensheni ikiingia simu zinaanza tena.

Mwananchi wako,
Mbagala, Dar es Salaam