Winchi ya umeme

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unauma. Wiki nzima nimelala chali chini ya sitaha, tochi mdomoni, nikifunga mota.

Uliniuliza kwenye simu umeme na kamba za tanga wapi na wapi. Mwenye mashua bega limemharibikia, na kupandisha tanga kubwa kumemshinda. Winchi yake, ile mashine ya kuvutia kamba, ni namba 46, yaani kwa gia ya chini inazidisha nguvu ya mkono mara 46 hivi. Lakini nguvu unayookoa unailipa kwa mizunguko, na mizunguko yenyewe haiishi.

Ngoma inayozungushiwa kamba ni ileile. Tuliifungua, tukatoboa sitaha chini yake, mota na giaboksi zikaning'inia darini mwa chumba. Tundu hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sitaha hii ni faiba juu na chini, katikati mbao laini ya balsa. Maji yakipenya humo inaoza kimyakimya. Nilikwangua balsa kuzunguka tundu, nikajaza gundi ngumu ya epoksi, ilipokauka nikatoboa upya katikati ya epoksi yenyewe.

Mota ni ya wati 1,200. Kwa volti 12 hizo ni ampea 100, kwa hiyo waya zake ni nene ajabu na fyuzi nimeiweka jirani kabisa na betri. Bwana akahofia betri itakauka. Nikampigia hesabu: dakika mbili za kupandisha tanga hazifikishi ampea-saa nne. Friji yake inakula zaidi ya hizo kwa usiku mmoja!

Siku ya majaribio alibonyeza kitufe huku ananitazama mimi badala ya kutazama juu. Ufito mmoja wa kunyooshea tanga ulikuwa umenasa kwenye kamba za mlingotini. Mkono ungesikia uzito ukasita. Mota haisikii. Nikipaza sauti, kitambaa kimeshachanika.

Tangu hapo kitufe kina kifuniko, na nimemwomba demani, zile kamba za kuongozea tanga, za tanga la mbele tuziache za mkono. Amekubali shingo upande. Mimi upepo naujulia kwenye demani, wewe ndiye uliyenizoesha hivyo.

Ule mkono wa kuzungushia winchi bado unaingia juu ya ngoma, umeme ukigoma. Nimeufunga pale pale kwa fundo lako, yeye hajaweza kulifungua.

Msalimie Mama.

Mwanao