Nilikupiga kamba

Shoga yangu,

Salamu nyingi, sisi hatujambo. Ujumbe wako wa juzi ulinifurahisha kisha ukaninyima raha. Kumbe mwanao ameisimulia hadithi yangu darasani, na akapigiwa makofi! Sasa sina budi kuungama kabla haijafika mbali zaidi.

Unakumbuka usiku ule nilipolala kwenu. Mtoto aliniuliza kwa nini mama wa kwenye kitabu chake cha Kiingereza anamwambia mwanawe "sleep tight", kana kwamba mtu hulala akiwa amekazwa kama skrubu. Nikamjibu bila kupepesa macho: zamani Waingereza walilalia vitanda vya kamba, kamba zikilegea kitanda kinabonyea katikati, basi kumwambia mtu hivyo ni kumtakia kitanda kilichokazwa vizuri. Nikatia na chumvi, kwamba msemo ni wa enzi za Shakespeare. Wewe ukaitikia kwa kichwa, nami nikajiona msomi.

Shoga, nilikupiga kamba. Sikukusudia, na mimi nilipigwa na mwingine.

Vitanda vyenyewe vilikuwepo, hilo halina ubishi. Fremu ya mbao ilitobolewa matundu pembeni, kamba ikapitishwa huku na huku hadi ikawa kama wavu, juu yake likawekwa godoro la majani makavu au manyoya. Kulikuwa na kifaa maalumu cha mbao cha kuzungushia kamba zikilegea. Na sisi hatuna haja ya kushangaa, maana Kiswahili kina kitanda kiitwacho teremka tukaze, jina ambalo nikilisikia naona kabisa mtu aliyekatizwa usingizi akisimama kando huku mwenzake akivuta kamba. Nadhani ndiyo sababu hadithi ile iliniingia upesi. Nilidhani nakifahamu kitanda, kumbe nilifahamu jina tu.

Kinachoiangusha ni tarehe. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Mfano wa zamani ambao watu huutaja sana ni wa 1866, tena si wa Uingereza. Ni wa Susan Bradford Eppes wa Florida, Marekani, katika shajara yake. Alikuwa anakaribia kusafiri, akaiaga shajara na kuiambia ilale "tight" na iamke "bright", maana ataihitaji akirudi. Shajara hiyo ilichapwa 1926, kwa hiyo mbishi bado ana pa kushika. Lakini hata tukiukubali mwaka 1866, kati yake na kifo cha Shakespeare kuna miaka 250. Watu wamelalia kamba muda wote huo, wameandika barua, tamthilia na wosia wa kurithishana vitanda hivyo hivyo, halafu msemo unaodaiwa kutoka kitandani usionekane?

Tena tazama anayeambiwa alale. Ni daftari! Daftari lina kamba gani za kukazwa?

Jibu lilikuwa kwenye kamusi, nami nikalipita. Neno "tight" lina maana ya zamani ya kufanya jambo barabara, sawasawa. Shakespeare mwenyewe analo: Falstaff, mhusika katika tamthilia yake, anamkabidhi mtumishi wake barua na kumwagiza azipeleke "tightly", yaani kwa uangalifu, barabara. Kwa hiyo msemo unamtakia mtu alale barabara, fofofo. Kinachoelezwa ni usingizi, kitanda hakimo. Ni sawa na sisi tunavyosema "lala unono" na hakuna anayeelewa kwamba mtu alale ili anenepe, au "kaza mwendo" bila kumtafuta aliyeshika kamba. Fikiria mgeni akija kutueleza kwamba "unono" ulitokana na magodoro manene ya zamani. Tungemcheka, ingawa hadithi yake ingekuwa tamu.

Halafu kuna kunguni. Nilimwambia mtoto kwamba wale kunguni wa mwisho wa msemo, "don't let the bedbugs bite", yaani usiwaache kunguni wakuume, wameingia kwa sababu kitanda kilicholegea kilishuka karibu na sakafu wakapanda. Hapo nilibuni kabisa, nisamehe. Kunguni kitandani ni mwenyeji. Hata jina lake la kisayansi, Cimex lectularius, limetokana na neno la Kilatini la kitanda. Ni mwembamba kama mbegu, anajibana kwenye nyufa za mbao na mishono ya godoro, na usiku anakufuata kwa joto la mwili na hewa unayopumua. Ukaze kamba usikaze, atakuja. Matundu ya kamba huenda yalimfaa kuliko yalivyomsumbua.

Aliyemwingiza kwenye msemo ni vina tu. "Night", "tight", "bite": sikiliza mlio wake, wewe uliyekuwa ukitunga mashairi shuleni. Hata yule wa 1866 alikuwa na vina vyake, "tight" na "bright", bila mdudu hata mmoja. Kufikia 1896 msemo wenye kunguni ulikuwa umekwisha chapwa katika mkusanyiko wa misemo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uliofanywa na Clifton Johnson.

Mwambie mwanao nitakuja mwenyewe kumweleza, na kama atataka kurudi darasani kusahihisha, nitamwandikia maneno. Usimkaripie, kosa ni langu. Na akikuuliza kunguni anauma kwa meno gani, mwambie hana meno, ana mrija wa kutoboa ngozi na kufyonza damu. Hilo nililihakikisha kabla ya kuandika.

Lala unono.

Shoga yako