Mama, Jumapili nakimbia marathoni

Mama, habari za Umoja? Natumai mko salama na goti ya Shosh imetulia. Mimi niko sawa, baridi ya London imeanza kupungua.

Nilikuambia kwa simu Jumapili nakimbia marathoni lakini sikukuambia ni ya nini, juu simu ilikuwa kwa spika na Baba alikuwa hapo. Nachangishia shirika linaitwa akt, linasaidia vijana wa LGBTQ wa miaka 16 hadi 25 wenye wamefukuzwa kwao ama nyumbani hakukaliki tena. Lilianza Manchester 1989, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatafutia hao vijana mahali pa kukaa, kwa nyumba ya mtu wa kawaida tu mwenye ako na kitanda ya ziada.

Niliposoma hiyo nikakukumbuka. Ile usiku mtoto wa Auntie alikuja amenyeshewa, begi ya shule imejaa nguo, Auntie ashajua ni gei na amemtoa kwa nyumba, na wewe hukumuuliza kitu, ulimpakulia ugali na sukuma ukaniambia nitoe ile blanketi ingine kwa kabati. Akalala kwa kiti yetu miezi mbili. Kanisani wakaanza kuongea na bado uliamka saa kumi na moja umwekee chai kabla aende kibarua. Hatujawahi iongelea hiyo kitu Mama, lakini niliona, na nataka ujue niliona. Na huko Kenya si rahisi, Korti Kuu 2019 ilikataa kufuta ile sheria ya miaka 14 jela kwa mapenzi ya jinsia moja, watu wanaogopa hata kusema wanamjua mtu.

Basi ni kilomita 42 na mita 195, tunaanzia upande wa Greenwich, tunavuka Tower Bridge karibu nusu ya njia. Ndio hii Kiptum alikimbia 2:01:25 mwaka wa 2023, Mungu amlaze pema. Mimi nikimaliza na masaa tano nitashukuru sana.

Pesa usitume, nunua gesi. Tukianza huko itakuwa kama saa sita mchana, mtakuwa mnatoka kanisa, kwa hivyo weka simu chaji nitapiga jioni. Mtoto wa Auntie akipita hapo mwambie nakimbia juu yake pia. Na Auntie je, ashaanza kumpigia?

Ni mimi, mtoto wako.