Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi kuhusu wanafunzi walio wodini

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Tunakuandikia kwa heshima, lakini vikao vimetuchosha. Vyuo vilipofunguliwa Juni 2020 uliahidi mshauri nasaha wa wanafunzi. Leo ni Agosti 2021, chanjo ya korona imeshaanza kutolewa nchini, na wiki hii limebandikwa tangazo: atakayekosa zamu bila cheti cha daktari atarudia mafunzo ya vitendo. Mshauri hadi leo hayupo.

Kilichopo ni fomu, ile ya maswali 9 ya sonona. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Anayefikisha 10 anastahili kuonwa na mtaalamu. Kipimo ni kizuri. Tatizo ni kwamba kinajazwa darasani, jina juu, jirani akichungulia, kisha kinakusanywa na mwalimu wa nidhamu. Nani atasema ukweli hapo? Na waliothubutu, fomu zao zimefungiwa kabatini hata hazijajumlishwa. Swali la 9 linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Hilo halingoji jumla. Akiweka alama yoyote zaidi ya 0, aonwe siku hiyo hiyo, faragha, na asiachwe peke yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamstiri marehemu aliyemlisha uji asubuhi, kisha anarudi bwenini anakuta wenzake wamehamisha magodoro kwa hofu ya kuambukizwa. Nyumbani nako anaambiwa asije kwanza. Kwa tunavyoona sisi wakufunzi, huko ndiko anakovunjika, kuliko wodini kwenyewe. Ratiba nayo inachangia, maana imewatawanya mmoja mmoja kila wodi. Wapangeni wawili wawili, wale wale wiki nzima. Baada ya kifo, msimamizi awatoe pembeni dakika 10: wamekunywa maji, wamekula, nani anarudi nao bwenini? Wakitaka kuongea awasikilize. Asiwalazimishe kusimulia walichokiona. Kulazimishwa huweza kuzidisha jeraha.

Hatuombi jengo. Tunaomba muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali tunayofanyia vitendo, walau alasiri moja kwa wiki, chumba chenye mlango unaofungwa, na fomu zitoke mikononi mwa mwalimu wa nidhamu. Hata hayo yakichelewa, Mkuu, kabati lifunguliwe leo. Swali la 9 lisomwe, fomu moja baada ya nyingine, leo.

Wakufunzi wa mafunzo ya vitendo