Je, niweke betri kubwa kwenye gari langu la umeme, au fedha za korosho nizipeleke kwingine?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenzangu jambo lililonifikisha njia panda, nikitumaini kwamba wapo miongoni mwao waliokwisha kulipitia, hasa wanaoishi kwenye joto la pwani kama huku kwetu Kusini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara, na gari langu ni Nissan Leaf la mwaka 2013 lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko. Betri yake ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 24, yaani uniti 24 za umeme. Kwa mizunguko ya mjini, kutoka Shangani hadi shuleni, sokoni, na hata Mikindani na kurudi, sina lawama nalo hata kidogo. Tatizo ni Lindi. Mama yangu mzazi anaishi huko, ana shinikizo la damu na kisukari, na mimi ndiye mtoto wa karibu kuliko wote. Barabara ya Mtwara hadi Lindi inazidi kidogo kilometa 100, ilhali gari langu likichajiwa mpaka mwisho haliendi zaidi ya kilometa 90 siku hizi, tena hapo sijawasha kiyoyozi. Huwa nakwenda kwa basi, na simu ikipigwa usiku, basi halipo.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna mistari midogo 12 inayoonyesha afya ya betri, na kwenye gari langu imebaki 8, maana yake betri imepoteza zaidi ya theluthi moja ya uwezo wake. Fundi wa hapa Mtwara, kijana mwangalifu ambaye hagusi zile nyaya za rangi ya chungwa kabla ya kukata umeme wa betri, alichomeka kifaa chake chini ya usukani akafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, akanionyesha seli zote, yaani betri ndogondogo zinazounda betri nzima, zikiwa zimepangwa kama nguzo 96 fupi, moja pembeni ya nyingine. Nyingi zilikuwa na kimo kimoja, lakini tatu zilikuwa zimeshuka waziwazi, na aliponieleza kwamba seli hizo zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo iliyo dhaifu ikifika mwisho gari zima husimama hata kama nyingine bado zina chaji, ndipo nilipoelewa kwa nini kilometa za mwisho hupotea ghafla.

Fundi amenipa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha moduli (vifurushi vya seli) zenye seli dhaifu tu, kazi ya gharama ndogo, ila betri itarudi kwenye kiwango cha zile zilizobaki, ambazo nazo zimechoka, na sioni kama hilo litanifikisha Lindi na akiba ya kutosha. Ya pili ni kuweka betri ya kilowati-saa 40 iliyotolewa kwenye Leaf la mwaka 2018 au baada ya hapo lililopata ajali. Betri hiyo inakaa mahali palepale na uzito wake haupishani sana na wa hii ya sasa, lakini inahitaji kisanduku kidogo cha elektroniki cha kufasiri mawasiliano kati yake na kompyuta ya gari, kwa sababu bila hicho gari halitaitambua. Ipo pia ya kilowati-saa 62, ambayo nimeiacha kwa kuwa ni nene na nzito zaidi, na sitaki gari lishuke chini kwenye barabara zetu za mitaani wakati wa masika.

Bei niliyotajiwa kwa ile ya 40, pamoja na usafirishaji, ushuru, kisanduku hicho na ufundi, ni shilingi milioni 15. Fedha hizo zipo, kwani ni mauzo ya korosho za shamba letu la Tandahimba, ambalo mimi na mdogo wangu wa kiume tuliachiwa na marehemu baba. Mdogo wangu ananiambia kwa heshima zote, "Dada, kwa fedha hiyo tunapata bajaji na chenji inabaki," na siwezi kusema hana hoja.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Gari dogo la petroli linakula kama lita 7 kwa kilometa 100, na nikichukulia bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 21,000. Leaf langu, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, linatumia kama uniti 17 kwa umbali huohuo, na kwa shilingi 356 kwa uniti ya LUKU nalipa takriban shilingi 6,000. Tofauti ni shilingi 15,000 kwa kila kilometa 100, kwa hiyo milioni 15 zitarudi baada ya kilometa 100,000. Lakini nadhani wanaosifia betri kubwa hulisahau jambo moja: safari za mjini tayari nazifanya kwa umeme, kwa hiyo betri mpya haiwezi kudai sifa ya akiba hiyo. Kinachohesabika ni zile safari tu ambazo betri ya sasa haiziwezi. Nikichukulia kwamba nitakwenda Lindi na kurudi kila wiki, hizo ni kama kilometa 11,000 kwa mwaka, na fedha itarudi baada ya miaka tisa hivi.

Je, betri itadumu miaka tisa hapa? Hilo ndilo linalonisumbua kuliko bei yenyewe. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jiji la Phoenix, Marekani, walilalamika kwamba joto lilikuwa likila uwezo wa betri zao mapema mno, na baadaye Nissan ikabadilisha kemikali za betri ili zistahimili joto zaidi. Hata hivyo, betri ya kilowati-saa 40 nayo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea hewa tu. Mimi nalaza gari chini ya mwembe, nachaji usiku wa manane, na sijazi hadi mwisho isipokuwa nina safari, lakini mwezi wa Desemba hapa hata usiku una joto.

Upande mwingine, bei za betri zinashuka. Kwa mujibu wa BloombergNEF, taasisi ya utafiti wa masoko ya nishati, wastani wa bei duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, ilhali mwaka 2010 ulizidi dola 1,000. Najua hizo ni bei za viwanda vinavyonunua kwa wingi na si za mwalimu wa Mtwara, lakini zinanifanya nijiulize kama kusubiri miaka miwili hakutanipunguzia mzigo. Kisha namkumbuka mama, na miaka miwili naiona mirefu.

Lipo pia wazo ambalo fundi hakulitaja. Kwa kuwa kwa mama kuna umeme na naweza kulala huko nikichaji, sihitaji betri ya kwenda na kurudi bila kusimama. Nahitaji ya kunifikisha tu, na akiba ya kilometa 40 au 50. Betri ya kilowati-saa 30, iliyotumika kwenye Leaf za mwishoni mwa mwaka 2015 hadi 2017, ingeweza kutosha kwa bei ya chini, ingawa nayo ina umri. Na chaja iliyomo ndani ya gari langu ni ya kilowati 3, ambayo kwa betri ya 40 iliyoisha ingehitaji zaidi ya saa 13 kuijaza, jambo ambalo usiku mmoja hautoshi.

Basi naomba yeyote aliyewahi kufunga betri ya 40 au ya 30 kwenye Leaf la zamani, akaitumia Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au popote penye joto kama letu, anieleze imebaki na mistari mingapi na baada ya muda gani, na kama kile kisanduku cha mawasiliano kimewahi kumsumbua njiani. Ningependa pia kujua kama betri yangu ya zamani, ambayo bado ina takriban kilowati-saa 15, inaweza kuuzwa kwa mtu mwenye sola au kufungwa nyumbani kwa usalama kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na kwa bei gani, kwa sababu hata milioni mbili zikirudi hesabu yangu na mdogo wangu inabadilika. Nimemwahidi jibu kabla hatujaanza kuwalipa vibarua wa kupulizia mikorosho msimu ujao.

Wenu,
Mwalimu, Shangani, Mtwara