Mapambo ya gari la zamani yasisubiri rangi ikauke

Mhariri,

Makala za kufufua magari ya zamani, zikiwemo zinazochapishwa na gazeti lenu, huanza na injini, zikaingia kwenye bodi, zikamalizia na rangi, kisha mwishoni kabisa huandikwa kwamba mwenye gari "arudishe mapambo", yaani mikanda ya metali, nembo na vipande vingine vinavyong'aa. Maneno hayo mawili ndiyo yanayoacha magari mengi yakiwa na rangi safi lakini milango ina matundu matupu, na mikanda yake ya kung'aa imeviringishiwa magazeti juu ya kabati. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Pistoni, ringi na beringi za gari la miaka ya 1950 au 1960 mara nyingi bado hupatikana, na zisipopatikana kuna wa kuzichonga. Mkanda wa mlango wa nyuma kushoto, wa modeli iliyouzwa miaka michache tu, hakuna anayeutengeneza. Ukipinda vibaya, ndiyo basi. Kwa hiyo kipande kisicho na mbadala ndicho kilichostahili uangalifu wa kwanza, nacho hupewa wa mwisho, wakati mwenye gari ameshachoka na fundi anataka gari litoke.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuita kila kinachong'aa "nikeli". Gari moja linaweza kuwa na metali nne. Bampa kwa kawaida ni chuma kilichopigwa kromu, yaani kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la kromu. Mikanda ya ubavuni mara nyingi ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu, bila kromu juu yake. Mng'ao ule ni wa metali yenyewe. Grili na fremu za taa za magari mengi ya miaka ya 1960 ni alumini iliyooteshwa ngozi ngumu ya oksidi kwa umeme. Nembo, herufi, vitasa na ncha za mikanda ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ikapigwa kromu. Kinachosafisha kimoja hukila kingine.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Zinki na alumini hazinaswi na sumaku, na zenyewe kwa zenyewe hutofautishwa na uzito mkononi, maana zinki ni nzito karibu mara mbili na nusu kwa ujazo uleule. Lakini sumaku isikudanganye kwenye stenlesi: aina inayotumika sana kwenye mapambo ya magari nayo hunaswa. Hapo geuza kipande uangalie mgongo. Chuma cha kawaida huonyesha kutu upande wa nyuma. Stenlesi hubaki safi hata ikiwa na tope la miaka hamsini. Kwa alumini, chukua multimita (kipimio cha umeme), iweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusa kwa wepesi sehemu mbili zisizo na mkwaruzo. Umeme usipopita, ngozi ya oksidi bado ipo.

Kipimo hicho cha multimita kinaokoa siku nzima ya kazi bure. Oksidi ile ni ngumu kuliko polishi ya kawaida, hivyo mtu anaweza kusugua fremu ya taa hadi mkono ufe ganzi na ukungu usiondoke, kwa sababu ukungu uko ndani ya ngozi yenyewe. Ngozi lazima itolewe kwanza. Kinachoitoa ni kostiki soda: gramu 50 hivi kwa lita 1 ya maji baridi, soda ikimiminwa ndani ya maji na kamwe si maji juu ya soda, kwenye beseni la plastiki, nje ya nyumba, ukiwa na glavu za mpira na miwani inayoziba macho pande zote. Kipande kioshwe mafuta kwanza, la sivyo ngozi itatoka kwa mabaka. Mwanzoni hutaona jambo. Mapovu yakianza kutoka kwa nguvu, ujue soda imeifikia alumini yenyewe. Toa kipande, suuza kwa maji mengi, angalia. Ukikiacha dakika kumi zaidi uso unakuwa na chembechembe kama msasa, na hiyo ni kazi nyingine ya kulainisha upya. Mapovu hayo ni haidrojeni, kwa hiyo pasiwe na moto wala sigara karibu. Na ukikosea ukatumbukiza zinki humo, soda itaila hiyo pia.

Alumini iliyovuliwa ngozi hung'aa vizuri kwa polishi, lakini haidumu hivyo. Ama irudishwe kuoteshwa oksidi upya, ama ipakwe nta mara kwa mara maisha yote ya gari. Kuipulizia vanishi ya wazi ni njia ya mkato inayopendwa, nami naipinga: vanishi haishiki vizuri kwenye uso ulionyororoshwa kiasi hicho, hubanduka ukingoni, na chini yake hutambaa mistari myeupe kama njia za minyoo. Kuitoa tena ni kazi kuliko ya mwanzo.

Stenlesi ndiyo yenye shukrani kuliko zote, kwa sababu kipande kilichobonyea kinaweza kurudi kama kipya bila kupakwa chochote. Lakini ni bati jembamba, mara nyingi halifiki milimita 1, na kila kosa hulipunguza. Anza kwa kulitia alama bonde kwa kalamu ya wino mzito, mbele na nyuma. Laza mkanda kifudifudi juu ya kipande cha mti mgumu kilichochongwa kufuata umbo lake, kisha gonga kutoka nyuma kwa patasi butu yenye ncha ya mviringo, upana wa milimita 3 hadi 5. Gonga kwa wepesi, mara nyingi, ukianzia ukingoni mwa bonde na kuzunguka kuelekea katikati. Anayeanza katikati kwa pigo moja la nguvu hutengeneza chunusi upande wa mbele, na metali iliyotanuka hivyo hairudi nyuma kwa urahisi.

Baada ya mapigo machache geuza mkanda, zungushia msasa namba 320 kwenye kibao kilichonyooka, upitishe mara mbili tatu tu. Palipoinuka patang'ara, palipo chini patabaki na giza. Hiyo ndiyo ramani yako. Rudi nyuma, gonga pale penye giza, geuza, pima tena. Bonde la ukubwa wa ukucha linaweza kuchukua saa nzima, na hapo ndipo wengi huishiwa subira, wakachukua tupa na kushusha milima badala ya kuinua bonde. Tupa inamaliza kazi haraka kweli, ila metali inabaki kama karatasi, na siku ya kubanwa kwenye klipu inapasuka.

Ikishanyooka, panda na msasa wa maji: 320, 400, 600, 800, 1000. Kila namba isuguliwe kwa mwelekeo tofauti na iliyotangulia, ili mikwaruzo ya zamani ionekane ikikatiza mipya; usihame mpaka yote ya zamani iishe. Mkwaruzo mmoja wa 320 ukiachwa hautaonekana kwenye msasa wa 1000. Utaonekana baada ya mashine, kioo kikishapatikana, nawe utalazimika kurudi chini kabisa.

Kwenye mashine, gurudumu la katani na mche wa polishi kali hutangulia, kisha gurudumu la pamba laini na polishi nyororo. Hapa ndipo watu huumia. Fanyia kazi nusu ya chini ya gurudumu, ukingo wa mkanda uelekee kule gurudumu linakokimbilia. Gurudumu likinasa ukingo unaolitazama, linaupokonya mkanda mikononi na kuutupa; ukiwa na bahati unapata mkanda uliojikunja, usipokuwa nayo unapata jeraha. Funga mkanda kwenye ubao mrefu kwa tepu, ufanye sentimita 15 hivi kwa wakati mmoja, na usitue mahali pamoja. Stenlesi haisambazi joto upesi: sehemu inayosuguliwa hupata rangi ya manjano, kisha bluu, na mkanda mwembamba hujipinda wenyewe.

Zinki ndiyo inayowavunja watu moyo, nami nawaelewa. Malengelenge juu ya kromu si uchafu wa juu. Unyevu umepenya kwenye vitundu vidogo vya kromu, ukaila zinki iliyo chini, na unga mweupe unaotokana na kuliwa huko unachukua nafasi kubwa kuliko zinki yenyewe, ndiyo maana unaisukuma kromu juu. Kulipasua lengelenge na kulisugua hakusaidii. Kromu ya zamani, pamoja na nikeli na shaba zilizo chini yake, zote hutolewa, kisha kila kishimo huchimbwa kwa kidrili kidogo mpaka ionekane zinki safi inayong'aa. Ukibakisha unga kidogo tu chini ya kishimo, utarudi juu pamoja na kromu mpya.

Kisha huja hatua ambayo karakana nyingi huiruka. Kipande hupigwa tabaka la kwanza la shaba kwenye maji ya kupigia yasiyo ya asidi, kwa sababu maji ya shaba ya asidi huishambulia zinki. Juu yake hupigwa shaba nene ya asidi. Vishimo hujazwa lehemu, ambayo haishiki vizuri kwenye zinki tupu ila hushika kwenye shaba. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu nyuzi 183 na zinki ya kumimina huanza kulegea karibu nyuzi 380, kwa hiyo nafasi ipo lakini mwali wa gesi usiotulia unaimaliza. Inapigwa shaba tena, inasawazishwa kwa msasa, vishimo vilivyojificha vinajitokeza, inarudiwa. Ndipo nikeli, na kromu mwisho. Kabla ya kumkabidhi mtu nembo yako, muulize vishimo atavijaza na nini, na kabla ya shaba au baada yake. Akikujibu kwamba atang'arisha tu na kupiga nikeli, chukua nembo yako. Muombe pia asilazimishe gurudumu kwenye herufi: kona zikishalainishwa, herufi inaonekana kama sabuni iliyotumika, na hakuna kromu inayorudisha kona.

Nembo hizo zina vijiti vyenye uzi wa skrubu vilivyomiminwa pamoja nazo, ambavyo mafundi huviita studi. Nati ya chuma iliyoshika kutu juu ya studi ya zinki isizungushwe kwa nguvu, maana kinachokatika ni studi. Loweka mafuta ya kulegeza kutu siku mbili, na ikigoma ikate nati ubavuni kwa msumeno mwembamba. Studi ikishakatika, toboa mahali pake, ukizungushia tepu kwenye drili kuonyesha kina cha mwisho kwa sababu ukuta huo unaweza kuwa na milimita 3 tu, kata uzi wa M3 (wa skrubu ya kipenyo cha milimita 3), kisha ingiza skrubu isiyo na kichwa pamoja na gundi ya epoksi. Hayo yafanyike kabla ya kupiga kromu. Drili ikitokea upande wa mbele baada ya kromu, umelipa mara mbili.

Juu ya bampa nina moja tu. Tabaka la kromu halifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mng'ao wenyewe unatoka kwenye nikeli iliyo chini. Madoa madogo ya kutu yasuguliwe kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu. Polishi kali ya mashine itaitoa kromu, na utajua kwa umanjano wa nikeli. Kuipiga upya si kazi ya uani: maji ya kromu yanayotumika sana yana kromu ya aina inayosababisha saratani.

Sasa nirudi kwenye ratiba. Fundi bodi akikuta matundu ya klipu yameliwa na kutu, atayaziba kwa bati na puti, na hana kosa, hakuambiwa. Kabla gari halijamfikia, bandika tepu ya karatasi kwenye kila paneli, chora mstari wa mkanda, pima kila tundu kutoka ukingo wa mlango na kutoka chini, hamishia vipimo kwenye kadibodi. Ondoa mikanda kwa kabari ya mti au plastiki, ukiinua penye klipu na si katikati ya klipu mbili, na kabla ya kuinua chochote fungua paneli ya ndani ya mlango: ncha ya mkanda mara nyingi imeshikwa na nati inayofikika kwa ndani tu. Mikunjo mingi ninayoiona ni ya mtu asiyejua kuwa nati hiyo ipo.

Baada ya kazi ya bodi na prima (rangi ya msingi), kabla ya rangi, pachika mapambo yote kwa majaribio. Puti ikizidi milimita chache mkanda unaelea, na wakati huo bado unaweza kuipunguza. Klipu mpya zipimwe na mkanda wenyewe. Tofauti ya nusu milimita inatosha mkanda kulia barabarani au kugoma kuingia. Kingo za matundu zipakwe prima na rangi, kisha nta ya kuzuia kutu, kwa sababu klipu ya chuma inayokwaruza ukingo mtupu ndiyo ilikoanzia ile kutu ya mwanzo.

Na kwa wenye Volkswagen Beetle zenye urembo kuzunguka vioo: mkanda ule wa alumini huingizwa kwenye mpira kioo kikiwa bado mezani, kisha kioo, mpira na mkanda huvutwa pamoja kwenye gari kwa kamba na maji ya sabuni. Aliyekwisha kupachika kioo bila mkanda asijaribu kuuchokonoa kwa bisibisi. Alumini ile inakunjika, na mkunjo hautoki. Akitoe kioo kwanza.

Msomaji wenu,
Fundi wa mapambo ya magari ya zamani